Wimbo Umalizike Nyumbani Kwanza

Mada iliyotolewa kwa walimu wa kwaya, watunzi wa nyimbo na viongozi wa vikundi vya vijana, Issenye, wilaya ya Serengeti



Nimeombwa nizungumze juu ya namna mtunzi anavyoweza kutunga wimbo na kuurekodi akiwa nyumbani kwake. Mimi ni mratibu wa miradi, sidai kuwa mwanamuziki. Lakini katika kazi yetu ya kuelimisha jamii, wimbo ni chombo ninachokitegemea kuliko bango na kipeperushi. Kipeperushi husomwa mara moja, kisha kinafungiwa karanga. Wimbo ukipendwa huimbwa kisimani, shambani na ndani ya basi la kwenda Mugumu, na mtoto ambaye hajajua kusoma ndiye anayeufikisha nyumbani kwa bibi yake.

Kwaya nyingi hufanya hivi. Wanakwaya huchanga, wengine wakauza kuku au mbuzi, zikapatikana fedha za nauli na za studio huko Mwanza au Musoma. Wanasafiri na wimbo ambao haujaiva: beti ya tatu haina maneno, sauti ya besi haijui pa kuingilia. Studioni saa ni fedha. Prodyuza anawapa mdundo wa kinanda alionao tayari, beti inayokosekana inabuniwa mlangoni, na kanda inarudi kijijini ikiwa haifanani na waliokwenda kuiimba. Wazee wanaisikiliza kwa adabu, kisha wanaizima.

Neno langu la leo ni moja: wimbo umalizike nyumbani kwanza. Maneno yapimwe nyumbani, tuni ipimwe nyumbani, na sauti inaswe nyumbani kwa simu tuliyo nayo, watu wenyewe wausikie na kuukosoa. Ukishapita hapo, studio itakuwa na kazi ya kuupamba tu. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa.

Nyumba ya mtunzi ndiyo studio ya kwanza

Jambo hili si geni. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba huko Unguja mnamo mwaka 1880, alikuwa akiuza vyungu kabla ya kuwa mwimbaji, na shule hakusoma. Alipokwisha kuhamia mjini na kupata kikundi chake cha taarabu, nyumba yake ya Ng'ambo ikawa baraza. Wapigaji wake walikusanyika humo usiku, wakazungumza habari za mji na kesi zilizosikilizwa mahakamani, na katika mazungumzo hayo nyimbo zikazaliwa. Mmojawapo ni ule unaojulikana kwa jina la Kijiti, uliomhusu mwanamke mgeni aliyeuawa Unguja, muuaji akatoroka, na waliokuja kuadhibiwa wakawa watu wengine. Watu wasiokuwa na gazeti la kuandikia malalamiko yao waliyaweka katika wimbo.

Mwaka 1928 Siti na wenzake walipanda meli kwenda Bombay, India, kurekodi santuri. Hebu fikirini umbali huo. Asingeweza kusafiri baharini na nyimbo nusu nusu. Sisi leo chombo cha kunasa sauti kiko mfukoni, lakini mara nyingi tunakitumia kunasa nyimbo za wengine.

Kwetu Walutheri pia upo mfano. Mwaka 1523 vijana wawili watawa walichomwa moto huko Brussels kwa ajili ya imani yao, na habari zao ndizo zilizomfanya Martin Luther atunge wimbo wake wa kwanza unaojulikana. Mwishoni mwa mwaka huo alimwandikia rafiki yake Georg Spalatin, akimwomba amsaidie kugeuza zaburi ziwe nyimbo za watu wa kawaida, na akamtahadharisha aepuke maneno mapya na maneno ya ikulu. Mwaka 1524 kilitoka kijitabu kidogo chenye nyimbo 8, na 4 kati yake zilikuwa za Luther. Na alipotaka kutengeneza ibada ya Kijerumani mwaka 1525, alimwita mwanamuziki Johann Walter, akakaa naye Wittenberg wiki 3, akimwimbia tuni alizobuni ili asikie maoni yake. Hata mtunzi mkubwa anahitaji mtu wa kumsikiliza kabla wimbo haujatoka nje.

Na karibu zaidi na hapa, Mchungaji Bernard Kyamanywa alipokuwa mwanafunzi wa Chuo cha Makumira katika miaka ya 1960, aliandika wimbo wa Pasaka wa Mfurahini, Haleluya, ukaimbwa kwa tuni ya Kihaya. Leo unaimbwa na makanisa ya mataifa mengi ambayo hayajui Bukoba iko wapi. Haukuanza kwa kuiga Ulaya. Ulianza na sauti ya nyumbani.

Wimbo wetu wa Desemba

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Nimechagua mfano mgumu, kwa sababu ndio unaotugusa sisi wa Tarime na Serengeti. Shule zikifungwa mwezi Desemba, mabinti wanarudi nyumbani, na kwa koo nyingi za Wakurya huo ndio msimu wa ukeketaji, hasa katika miaka inayogawanyika kwa mbili. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa wanawake waliokeketwa nchini ni asilimia 10, lakini katika mkoa wetu wa Mara ni asilimia 32. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, na adhabu yake ni kifungo cha miaka 5 hadi 15. Hata hivyo wembe bado unanolewa, maana nyuma yake kuna shangwe, zawadi, heshima ya ukoo na nyimbo. Naomba mlishike hilo la mwisho. Binti anaimbiwa aende. Sisi tunampa semina.

Nyimbo nyingi tulizotunga dhidi ya ukeketaji zina kasoro moja: zinamtukana bibi. Zinamwita ngariba muuaji na wazazi washenzi. Bibi huyo ndiye aliyemlea binti, na ndiye mwenye redio. Akisikia tusi, anazima. Nyimbo nyingine zinatishia jela peke yake, na tisho likiwa peke yake huweza kulisukuma jambo likafanyika usiku, kwa siri. Basi mtunzi ajiulize maswali matatu kabla hajaandika neno.

Kwanza, nani anasema ndani ya wimbo? Mchungaji, serikali, au binti mwenyewe? Mimi nashauri asema binti. Anayeogopa akisema kwa adabu, mkubwa huona haya kumnyamazisha.

Pili, anamwambia nani? Akiwaambia watu wote, hajamwambia mtu. Amwambie bibi.

Tatu, anaomba nini? Kitu kimoja tu. Wimbo wenye kuzungumzia ukeketaji, UKIMWI, utunzaji wa misitu na kodi kwa pamoja ni ripoti ya mwaka, hauimbiki.

Baada ya hapo anza na kiitikio, maana ndicho watu watakachokwenda nacho. Nimeandaa hiki kwa ajili ya zoezi letu:

Khanga nivisheni, wembe uacheni,
Mbuzi mchinjeni, mimi niacheni.

Tazameni kilichomo. Khanga ni zile zawadi anazovishwa binti akipitishwa kwa shangwe, na mbuzi ni wa karamu. Hatukuikataa sherehe. Tumeiomba ibaki, tukatoa kitu kimoja tu. Tena binti hakutaja jela wala Shetani. Amesema mimi niacheni, na kila mzazi anajua maana yake.

Beti inaweza kuwa hivi:

Bibi nakupenda, jina nalibeba,
Mila za heshima, zote nazishika.

Anayesikia mstari huo wa pili hawezi kusema binti amepotoshwa na wageni. Amejitambulisha kuwa ni wa ukoo. Beti zinazofuata mzitunge ninyi wenyewe, kila kikundi kwa namna yake, lakini zisizidi tatu.

Hesabuni mizani, sikilizeni mkazo

Hesabuni sasa kwa vidole: kha-nga-ni-vi-she-ni, mizani 6. We-mbe-u-a-che-ni, mizani 6. Kila kipande kina 6. Lakini hesabu peke yake haitoshi. Kiswahili huweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, na mkazo ukikosewa maana inayumba. Barabara ya magari tunaikazia kwenye BA ya pili, lakini tukisema jambo limefanyika barabara, yaani sawasawa, mkazo unarudi kwenye RA ya kwanza. Herufi ni zile zile, maneno ni mawili.

Pigeni makofi mkisema: KHAnga niviSHEni, WEmbe uaCHEni. Kofi linaangukia silabi ya kwanza na ya tano, mahali pale pale ambapo ulimi unakaza. Ndiyo sababu inaimbika bila kulazimishwa. Sasa badala ya "Bibi nakupenda" wekeni "Ukoo ni wangu". Mizani ni 6 vile vile, lakini ulimi unataka kukaza KO na kofi linapiga U. Mwimbaji atajikwaa hapo kila mara, na msikilizaji hatalisikia neno. Mnaweza kubadilisha neno au kubadilisha tuni, lakini msiliache.

Katika lugha zetu za nyumbani jambo hili ni zito zaidi. Kikurya, Kingoreme, Kiikoma, Kinata na Kiissenye hupandisha na kushusha sauti ili kutofautisha maneno. Tukichukua tuni ya kigeni na kupachika maneno yetu, sauti inapanda mahali ambapo lugha inashuka, na mzee anasikia neno lingine kabisa au hasikii neno. Kwa hiyo kwa wimbo wa lugha ya nyumbani njia iliyo salama ni hii: sema mstari kama unavyousema kwa kawaida, useme tena polepole, usikilize unapopanda na unaposhuka, halafu ufuate mwendo huo huo kutafuta tuni. Lugha yenyewe itakupa nusu ya wimbo. Mpiga litungu anafanya hivyo bila kufundishwa. Chombo chake kina nyuzi 8 tu, lakini kinamjibu kama mtu anayezungumza naye.

Je, tuimbe Kiswahili au lugha ya nyumbani? Angalieni msikilizaji. Wimbo ukiwa wa bibi, lugha ya bibi. Ukiwa wa shule zote za wilaya, Kiswahili. Na mnaweza kuimba beti kwa lugha moja na kiitikio kwa nyingine.

Mkishaupata, msikimbilie simu. Mkauimbe kwanza mbele ya watu watatu: bibi mmoja, kijana mmoja wa kiume na mtoto wa darasa la pili au la tatu. Msiwaulize kama ni mzuri, maana watasema ndiyo kwa heshima. Waulizeni wimbo unasema nini. Mtoto akishindwa kurudia kiitikio baada ya kukisikia mara tatu, ni kirefu au kimejaa maneno ya semina. Kijana akicheka mahali pasipochekesha, ulizeni sababu. Bibi akinyamaza, kaeni naye. Huenda ukimya wake ndio beti ya tatu.

Kunasa sauti ndani ya nyumba yako

Sasa kurekodi. Nazungumza na mtu mwenye simu ya kawaida yenye kinasa sauti, na umeme wa sola wa kuchaji.

Chumba. Nyumba ya bati isiyo na dari ni adui wa sauti. Inairudisha, na mvua ikianza hamsikilizani. Nyumba ya udongo iliyoezekwa nyasi ni studio nzuri kuliko tunavyodhani, kwa sababu nyasi na udongo mkavu hunywa sauti. Ili kupima, simama katikati ya chumba, piga kofi moja kubwa. Ukisikia mlio unaobaki ukilia baada ya kofi, chumba hicho bado. Tundika blanketi ukutani mbele ya mwimbaji na nyuma yake, simamisha godoro pembeni. Kwenye msimu wa pamba, magunia yaliyojaa pamba ni vizuizi bora vya sauti.

Saa. Mchana kuna pikipiki, mbuzi na watoto. Alfajiri kuna jogoo. Saa nzuri ni usiku, baada ya saa 3 au 4, watoto wakiwa wamelala. Zima redio, na uzime mtandao wa simu ili isiite katikati ya beti.

Simu. Usiishike mkononi, kila kidole kikisogea kitasikika. Ikunjie khanga juu ya kigoda au meza, uilaze hapo. Tafuta tundu la kipaza sauti, mara nyingi liko upande wa chini wa simu, ulielekeze kwa mwimbaji. Futa vumbi. Umbali wa shubiri mbili kutoka mdomoni unatosha kwa mwimbaji mmoja. Asiimbe moja kwa moja ndani ya tundu, maana herufi kama p na b hutoa pumzi inayogonga kipaza sauti kama upepo. Asogee kidogo pembeni.

Nafasi. Simu moja haiwezi kuongeza huyu na kumpunguza yule, kwa hiyo miguu yenu ndiyo mitambo. Anayeongoza awe karibu. Waitikiaji wasimame nusu duara, hatua mbili au tatu nyuma yake. Besi na ngoma nyuma kabisa, tena ngoma ipigwe kwa viganja, bila fimbo. Litungu likae karibu, maana nyuzi zake hazina kelele. Nasa nusu dakika, sikiliza kwa hedifoni, ukiona fulani anawafunika wenzake mrudishe hatua moja. Sauti ikipasuka, wote warudi nyuma. Msije mkadhani itarekebishwa baadaye, kwani sauti iliyopasuka haishoneki.

Kurudia. Kila mara kabla ya kuimba, mmoja atamke: jina la wimbo, mtunzi, tarehe, na hii ni mara ya ngapi. Imbeni wimbo mzima bila kusimama, angalau mara tatu. Mara ya kwanza watu wana woga, mara ya pili wanakumbuka makosa, mara ya tatu mara nyingi wanaimba. Mkifika mara ya sita, kalaleni.

Mwenye simu mbili anaweza kwenda mbali zaidi. Aimbe sauti ya kwanza kwenye simu moja, akianza na kofi moja. Kisha asikilize simu hiyo kwa hedifoni huku akiimba sauti ya pili kwenye simu nyingine, akipiga kofi pamoja na lile la kwanza. Faili zote mbili zikiingizwa kwenye kompyuta ya shule au ya ofisi, makofi hayo mawili yakilinganishwa, sauti zinakaa pamoja, na makofi yanakatwa. Programu ya Audacity inafanya kazi hiyo, nayo inatolewa bure tangu mwaka 2000.

Juu ya kuhifadhi: faili ya aina ya WAV inatunza sauti yote, lakini dakika moja ya pande mbili inachukua takriban MB 10. MP3 ya kawaida inachukua kama MB 1 kwa dakika. Basi wimbo wa dakika 4 ni MB 40 au MB 4. Tunzeni ile kubwa mahali pawili, kwa mfano kwenye kompyuta na kwenye kadi ya kumbukumbu iliyofungwa ndani ya bahasha, na mtume ile ndogo. Simu ikiibwa au ikianguka mtoni Grumeti, wimbo usife nayo.

Jina la mtunzi na usalama wa binti

Mambo mawili ya mwisho ni ya haki.

La kwanza ni la mtunzi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi tangu anapoitunga kazi yake, na ulinzi huo unaendelea maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufariki. Haudai kwanza usajiliwe. Lakini kusajili kazi kwa COSOTA kunasaidia sana ukitokea ugomvi, na ile tarehe mliyoitamka mwanzoni mwa rekodi, pamoja na daftari lenye maneno yaliyofutwa na kuandikwa upya, ni ushahidi pia. Mkienda studio, andikianeni karatasi moja kabla ya kuimba: nani ametunga maneno, nani tuni, nani anaruhusiwa kuuza, mapato yagawanywe vipi. Maneno yakiwa ya mama mmoja wa kwaya, liandikwe jina lake, lisiandikwe jina la kwaya peke yake. Na tuni ikiwa ya asili, semeni ni ya asili na mtaje ya watu gani, kama tuni ile ya Makumira inavyotajwa hadi leo kuwa ni ya Wahaya. Mtu asijiandikie urithi wa ukoo mzima.

La pili ni zito zaidi, nalo ni la binti. Ukitunga juu ya ukeketaji, atakuja msichana na kukusimulia yake. Utaguswa, na utatamani kuiweka yote katika wimbo. Usitaje jina lake, wala kijiji chake, wala shule yake, wala jina la baba yake. Usichukue hata tukio lake moja ambalo jirani akisikia atamjua. Zamani wimbo uliokosewa uliweza kusahaulika. Siku hizi rekodi ikitoka kwenye simu moja kwa Bluetooth au kwa WhatsApp, hakuna awezaye kuirudisha. Itamkuta binti huyo akiwa mchumba, akiwa mama, akiwa mwalimu. Ndiyo maana binti wa wimbo wetu hana jina, na kila binti anaweza kuuimba.

Tena anayekueleza kuwa yuko hatarini mwezi huu, kazi yako ya utunzi isubiri. Mfikishe kwa wanaoweza kumpokea: dawati la jinsia la polisi, ustawi wa jamii, kituo cha Masanga wilayani Tarime, au nyumba salama iliyofunguliwa Mugumu mwaka 2014. Wimbo unafungua mlango. Lazima awepo mtu upande wa pili.

Lini twende studio?

Hakuna aliyesema studio ni mbaya. Tangu miaka ya 1960 studio ya Sauti ya Injili kule Moshi iliandaa vipindi vya Kiswahili vilivyorushwa kutoka Addis Ababa, na kwaya zetu zimenufaika na mafundi wa sauti. Nendeni, lakini nendeni mkiwa na vitu vitatu mkononi: maneno yaliyoandikwa yote, rekodi ya nyumbani ambayo prodyuza ataisikiliza kabla hajagusa kinanda chake, na watu ambao wamekwisha kuuimba wimbo kijijini bila kulazimishwa. Akisema litungu halifai, mwekeeni rekodi yenu, asikilize. Akiwa fundi wa kweli atatafuta namna ya kulipa nafasi.

Na kama fedha za studio hazikupatikana, msiuweke wimbo kabatini. Rekodi ya simu iliyonaswa vizuri usiku, ndani ya nyumba ya nyasi, inaweza kufika kwenye spika ya mwenye duka, kwenye simu ya mwendesha pikipiki, na kwenye redio ndogo ya bibi yenye tundu la kadi. Kwa mwezi wa Desemba, hiyo ndiyo njia anayopita binti wetu kila siku.

Kazi ya kwenda nayo nyumbani ni hii. Shule zitakapofungwa, kila kikundi kiwe na wimbo mmoja, wenye kiitikio kimoja, unaoomba jambo moja. Uwe umesikilizwa na bibi, kijana na mtoto. Uwe umenaswa mara tatu na kutunzwa mahali pawili, na jina la mtunzi limetamkwa mwanzoni. Mkishauimba kwenye vijiji vyenu, tuleteeni ofisini nakala pamoja na maneno yaliyoandikwa, tuvipelekee vikundi vya upande wa Tarime, nao watuletee za kwao.

Wale wanaowaita mabinti kwenye wembe wana nyimbo nzuri, za zamani, zinazojulikana na kila mtu. Nasi tusiwaletee mabinti wetu nyimbo zilizotungwa mlangoni mwa studio.

 Bwana aibariki kazi ya midomo na mikono yenu.